Robo Kikombe cha Krimu

Kwa miaka arobaini na tano Odile Massart hakuwa na mizani jikoni mwake, wala hakuona aibu. Mizani, alikuwa akisema, ni ya ng'ombe. Lori la maziwa lilipoingia uani kila asubuhi, maziwa yalihesabiwa kwa ratili. Ndama waliuzwa kwa ratili, majani makavu kwa tani, na hayo yote yalikuwa mambo ya mumewe, Norbert. Jikoni palikuwa na vikombe vinne vya bati vilivyofungwa pamoja kwa waya: kizima, nusu, theluthi na robo. Vilikuwa vya mama yake kabla ya kuwa vyake.

Mtu asidhani alikuwa anakisia. Kukisia ni uvivu, na Odile hakuwa na huruma kwa wavivu. Unga aliunyunyiza kikombeni kwa kijiko, ukalala wenyewe, kisha akapitisha mgongo wa kisu juu yake. Ole wake mtu aliyechovya kikombe ndani ya pipa na kutoka nacho kimeshindiliwa. "Hapo umeiba unga wa watu," angemwambia, "na pai yako itakuwa ngumu kama kwato." Sukari ya kahawia hushindiliwa, unga haushindiliwi, siagi hukandamizwa mpaka hewa yote itoke. Alizijua sheria hizo kama anavyojua majina ya wanawe wanne, na tofauti na wanawe, sheria hazikuwahi kumjibu.

Kwetu huku, katika vijiji vya Wisconsin vilivyoanzishwa na watu waliotoka Ubelgiji zama za mababu, mwanamke hujulikana kwa pai zake. Mavuno yakikaribia kwisha tunafanya sikukuu yetu ya kermisi, na siku mbili kabla yake wanawake hushuka kwenye jiko lililo chini ya kanisa wakaoka pai mia nne, mia tano, za tufaha, za plamu, za wali. Odile ndiye aliyekuwa jemadari wa jiko hilo. Wake wapya wa vijana wetu waliletwa kwake wanyooshwe, na wengine walipanda ngazi wakifuta machozi. Mimi simtetei. Alikuwa mkali bila sababu mara nyingi, na alipenda kuogopwa.

Norbert alikufa mwaka uleule ng'ombe walipouzwa. Watoto watatu walikwenda mbali. Alibaki Duane, kitinda mimba, aliyeendesha lori la maziwa na kukaa na familia yake maili nne tu kutoka kwa mama yake. Mkewe, Roxanne, alikuwa binti wa mjini, baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Siku ya kwanza alipokuja kujulishwa kwa mama mkwe alileta pai ya dukani, ndani ya boksi lake. Odile aliikata, akaila, akashukuru. Lakini kisa hicho alikisimulia kwa miaka minane mfululizo, hata Roxanne akiwa amekaa pale pale.

Kisha akazaliwa Janelle, na wanawake hao wawili wakapata kitu kimoja cha kupenda.

Kifafa kilimwanza Janelle akiwa na miaka mitatu. Mwanzoni ni kope tu, zikipepesa kidogo, mtoto akisahau alichokuwa anasema. Baadaye akawa anaanguka. Akiwa na miaka mitano alikuwa akianguka mara ishirini, mara thelathini kwa siku, na Duane akamtengenezea kofia ya ngozi asipasuke kichwa. Dawa walijaribu za kila rangi. Moja ilimfanya alale mchana kutwa, nyingine ilimfanya aume watu. Mwisho hospitali kubwa ya mjini ikawapa chakula cha mafuta: krimu, siagi, mayai, kipande cha nyama kisichozidi dole gumba, majani mawili ya mboga, basi. Mkate hapana, sukari hapana kabisa. Mwili ukinyimwa sukari na kujazwa mafuta, ubongo hutulia. Kwa nini hasa, hata daktari alikuwa anajikuna kichwa. Ila kila kitu lazima kipimwe kwa gramu, na mafuta yakipungua kidogo tu, kifafa kinarudi. Kila jioni Roxanne alichovya kijikaratasi kwenye mkojo wa mtoto. Kikigeuka zambarau iliyokolea, chakula kinafanya kazi. Kikipauka, kuna kitu kimeharibika.

Wiki ya tatu ya chakula hicho Janelle hakuanguka hata mara moja. Mwezi ukapita, ikapita miezi saba. Kofia ya ngozi ikatundikwa nyuma ya mlango. Akajifunza herufi, akapanda baiskeli, akawa mtoto mwenye maneno mengi kupita kiasi. Odile alipiga magoti kanisani akalia kwa sauti, mwanamke ambaye hakulia hadharani hata siku ya kumzika Norbert.

Kiangazi kile Roxanne alirudi kazini, kwenye kiwanda cha jibini, zamu ya alfajiri. Janelle akawa anashinda kwa bibi yake. Chakula kilikuja naye asubuhi ndani ya vikopo vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa saa ya kuliwa.

"Usiongeze, usipunguze, mama," Roxanne alisema mlangoni, injini ya gari ikiwa bado inanguruma. "Kila kitu nimeshapima."

"Nimelea watoto wanne, Roxanne. Wote wana meno mpaka leo."

"Najua, mama. Lakini hao hawakula kwa gramu."

Lilimuuma neno hilo. Kuletewa chakula cha vikopo ndani ya nyumba yake mwenyewe, yeye, kana kwamba ni mtu wa kuokotwa njiani! Na mtoto naye vikopo alivikataa. Krimu ya baridi, ya majimaji, alikuwa akiinywa huku amefumba macho na kuziba pua, na mara nyingi aliitapika. Siku moja Odile akaipiga ile krimu kwa mashine yake ya mkono, akaitia tone la vanila, ikainuka ikawa nyeupe, laini, yenye vilele vilivyosimama. Janelle akalamba bakuli. "Bibi, hii ni theluji!" akasema.

Basi Odile akambembeleza Roxanne. Alibembeleza kwa namna yake, maana yake alinuna kwa siku nne kisha akasema, "Mtoto anakula vizuri kwangu kuliko kwako, hilo hata wewe unaliona." Roxanne alichoka. Mtu anayeamka saa tisa usiku huchoka mapema. Akaomba hospitali impe mizani ya pili, ndogo, ya umeme, nyembamba kama kitabu cha sala, akaandika karatasi ya vipimo na kuibandika kwenye mlango wa jokofu: krimu gramu sitini, siagi gramu kumi na nne, yai gramu ishirini na tano.

"Mama, nisikilize. Hii mizani ndiyo roho ya Janelle. Ikiharibika nipigie simu kazini, hata kama nimo ndani ya chumba cha jibini. Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Na kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri sana. Kila asubuhi Odile alipiga krimu bakuli zima, na wakati wa chakula alichota ile theluji akaiweka juu ya mizani mpaka namba ifike sitini. Janelle alisimama juu ya kiti akizisoma namba kwa sauti. "Hamsini na nane, bibi. Ongeza. Ongeza. Aa, umezidisha, chakaramu wewe!" Wakacheka wote wawili. Nadhani hiyo ndiyo miezi miwili Odile aliyokuwa na furaha kuliko yote tangu Norbert afe.

Jumatatu ya tatu ya Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na Janelle yuko darasa la kwanza, Odile akiosha vyombo aliigonga mizani kwa kiwiko ikaingia kwenye beseni la maji. Aliitoa upesi. Akaifuta, akaianika dirishani, akaitia betri mpya. Haikuwaka. Saa tano na nusu ilikuwa imefika, na saa sita alitakiwa akamchukue Janelle shuleni, maana shule haikuweza kumpa chakula chake.

Alishika simu. Hilo alilisema baadaye na mimi namwamini: alishika simu, akapiga namba mbili za mwanzo. Kisha akamfikiria Roxanne akitoka chumba cha jibini na kofia yake ya wavu kichwani, akimwambia, nilijua, mama, nilijua tu. Akaviona vikopo vya plastiki vikirudi, na Janelle akiziba pua. Akaweka simu chini.

Duka la kijijini halikuuza mizani. Lakini kitabu cha mapishi cha wanawake wa kanisa kilikuwa na jedwali ukurasa wa mwisho, ambalo yeye mwenyewe alilisahihisha kabla ya kuchapwa: kikombe kimoja cha krimu, gramu mia mbili na arobaini. Robo yake, sitini. Sitini kamili! Siagi kijiko kimoja kikubwa, gramu kumi na nne. Hesabu ilitoka kama iliyotungwa kwa ajili yake. Vikombe vyake vya miaka arobaini na tano vilikuwa vinamwambia gramu si kitu cha kuogopwa. Akachukua robo kikombe, akaijaza theluji kutoka kwenye bakuli, akapitisha mgongo wa kisu juu, bila kushindilia, asiibe. Mtoto akala.

Kosa lilikuwa hapo, na afadhali nilitaje sasa. Krimu ikipigwa hunywa hewa. Robo kikombe ya majimaji, ikishapigwa, hujaza nusu kikombe, na uzito wake ni uleule. Mizani haibabaishwi na hewa, kikombe kinababaishwa. Odile alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika vijiji vyetu vyote. Kwenye pai alipima kwanza na kupiga baadaye, na aliwafokea wake za watu waliofanya kinyume. Lakini krimu ya Janelle mkono wake ulishazoea kuichota ikiwa imeshapigwa, kwa kuwa mizani haikujali. Kikombe kilipokaa mahali pa mizani, mkono uliendelea na desturi yake. Kuanzia siku ile mtoto alipata nusu ya krimu yake, kwa upendo wote, imesawazishwa kwa kisu.

"Bibi, bado nina njaa," alisema siku ya tatu.

"Karatasi inasema basi, mpenzi wangu."

"Kidogo tu. Theluji kidogo."

"Unataka mama yako anichinje? Kunywa maji."

Alikunywa maji. Siku iliyofuata akaomba tena, na Odile akamkatalia tena, akijisifu moyoni kwa uthabiti wake.

Siku ya tano kijikaratasi cha jioni kilipauka. Siku ya nane kilikuwa waridi hafifu, kama kilichooshwa. Siku ya tisa, asubuhi, Janelle alianguka akifunga kamba za viatu.

Roxanne aligeuza nyumba juu chini akitafuta sukari iliyojificha. Alibadilisha dawa ya meno, akasoma maandishi ya kila chupa, akaenda shuleni kuuliza juu ya gundi. Kisha akaja kwa Odile, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama, umempa kitu? Niambie ukweli, sitakasirika. Biskuti? Tufaha?"

"Hata chembe! Naapa mbele ya picha ya Norbert pale ukutani."

"Na unapima?"

"Napima kila kitu. Kwa kisu juu."

Kila neno lilikuwa kweli, na Roxanne, aliyechoka, hakuuliza kwa kisu juu ya nini. Mizani ilikuwa pale rafuni, imesimama, inaonekana nzima. Odile aliitazama, akasema moyoni, robo kikombe ni robo kikombe. Akanyamaza.

Kama si bibi, basi ni mtoto mwenyewe. Roxanne alianza kumpekua Janelle mkoba kila jioni, akamnusa vidole, akamnusa mdomo. Akamuuliza usiku, akamuuliza asubuhi. Mtoto alikataa. Kesho yake akaanguka mara sita, na mama yake, kwa hofu ambayo sitamlaumu mtu kuwa nayo, akamchapa viganjani kwa kijiko cha mti.

"Nani alikupa? Sema! Unataka kufa?"

Na Janelle akasema. Akasema alikula keki ya Kendra, mtoto wa dawati la mbele. Keki ya rangi gani? Ya njano. Mara ngapi? Mara nyingi. Roxanne akamkumbatia wakalia pamoja, na jioni hiyo Odile alipopigiwa simu na kuambiwa, alihema kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Naye alimsema mtoto, siku iliyofuata, wakati wa chakula. "Mwizi mdogo wewe. Na mimi ninavyojitahidi hapa." Janelle aliinamisha kichwa, akala robo kikombe chake, hakuomba nyongeza.

Siku ya kumi na saba, Alhamisi, alianguka na hakuamka. Alitetemeka dakika arobaini, ndani ya gari la wagonjwa na nje yake. Hospitalini walimtuliza kwa sindano. Aliamka Ijumaa na midomo imevimba kwa kuumwa na meno yake mwenyewe, akajua mama yake ni nani, wakashukuru Mungu. Daktari akasema kwa upole kwamba chakula kile hakiwezi kumsaidia mtoto anayeiba. Si kosa la mtu, watoto wengi huwashinda wazazi. Jumatatu watakiacha na kurudi kwenye dawa, ile ya kulala.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuoka pai za kermisi. Odile hakutaka kwenda. Aliyemvuta ni Leocadie, wifi yake, dada wa marehemu Norbert, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuvunja vioo.

"Utakaa hapa uyaangalie makochi, yatamponya? Njoo, wifi. Bila wewe wale watoto wataoka matofali, halafu lawama zitatuangukia ukoo mzima wa Massart."

"Leo sina mdomo wa kumfokea mtu."

"Wewe? Siku utakayokosa mdomo nitaita padri."

Akaenda. Jiko lilikuwa limejaa mvuke na wanawake. Walimbana mikono, wakamuuliza habari za mtoto, akajibu kwa maneno mawili matatu na kuvaa aproni. Kazi ilimsaidia. Alisukuma unga, akapanga plamu, na kwa saa mbili hivi akaweza kufikiria pai tu.

Kwenye kona alikuwapo mke mpya wa mmoja wa vijana wetu, binti wa miaka ishirini, amepewa krimu ya kufunika pai za tufaha. Alikuwa ameshaipiga beseni zima. Sasa alikuwa anachota kikombe kikombe, anasawazisha, anamwaga.

"We binti!" Odile alifoka kutoka upande wa pili, na wanawake wakaanza kutabasamu, jemadari amerudi. "Nani amekufundisha hivyo? Krimu unaipima kabla ya kuipiga! Hapo unapima upepo! Nusu ya kikombe chako ni…"

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa bado umeinuka.

"Nusu ya kikombe ni nini, mama?" binti aliuliza kwa woga.

Odile alikwenda pale mezani. Akachukua kikombe cha robo, akakijaza krimu ya majimaji kutoka kwenye galoni, akaimimina ndani ya bakuli, akaipiga. Aliipiga kwa nguvu, hakumtazama mtu. Kisha akaichota kwa kikombe kile kile. Robo moja. Akaimwaga, akachota tena. Robo ya pili ikajaa mpaka ukingoni.

"Wifi?" Leocadie alimsogelea. "Wifi, vipi? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Alikuwa ananiomba," Odile alisema. "Aliniambia ana njaa."

"Nani?"

"Mtoto alikuwa na njaa, Leocadie, na mimi nikampa maji."

Akamweleza pale pale, mbele ya wanawake wote, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutafuta mahali pa faragha. Leocadie alivua aproni.

"Sasa sikiliza," Leocadie alisema wakiwa wameshaingia garini, hajawasha injini. "Mimi ni dada wa mumeo, nitakuambia ambacho hawa wengine wataogopa. Ukinyamaza, hakuna atakayejua. Wale kule jikoni ni wetu. Mtoto ameshasema aliiba, daktari ameshaamua. Ukisema, Roxanne hatakuachia tena yule mtoto. Kamwe. Unamjua."

"Namjua."

"Basi?"

"Nikinyamaza, Jumatatu wanamwachisha. Atarudi kulala mchana kutwa na kofia kichwani." Odile aliitazama mikono yake yenye unga. "Washa gari."

Walimkuta Roxanne kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, amevaa nguo za jana. Duane alikuwa amelala kwenye kiti na kiatu kimoja. Odile alisema yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, mizani, beseni, jedwali, robo kikombe. Alitaja tarehe. Hakutafuta maneno ya kujipunguzia.

Roxanne alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama viganja vyake.

"Nilimchapa," alisema. "Mama, nilimchapa kwa kijiko. Alisema hakuiba, aliniambia mara mia, na mimi nikamchapa mpaka akaiba."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Siku kumi na tisa. Ulikuwa unapita mbele ya simu kwa siku kumi na tisa."

Duane alikuwa ameamka, anawatazama wote wawili, hajui amwendee nani. Roxanne akaondoka kwa haraka kumtafuta daktari. Nusu saa baadaye alirudi macho yamevimba. Chakula hakitaachwa. Wataanza upya palepale wodini, na yeye ataacha kazi.

"Nenda ukamwambie Janelle kwamba hakuiba," alisema, akitazama ukuta. "Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa. Halafu, mama, uende nyumbani. Usije mpaka nikuite. Nitakapoweza nitakuambia."

Janelle alikuwa ameegemezwa mito miwili. Midomo yake ilikuwa na magamba meusi. Alipomwona bibi yake alijiinua kidogo.

"Bibi, nimeacha kuiba," alisema upesi. "Tangu juzi sijaiba kitu."

Odile alikaa kitandani. "Hukuiba, mpenzi wangu. Hukuiba hata siku moja. Bibi alipima vibaya. Mizani iliharibika, nikapima theluji kwa kikombe, ikawa kidogo. Ndiyo maana ulikuwa na njaa. Kosa langu mimi, siyo lako."

"Lakini nilikula keki ya Kendra."

"Uliila kweli?"

Janelle alifikiri. "Sijui. Labda nilikula nikiwa nimeanguka. Nikianguka sijui ninachofanya."

"Hukula, Janelle. Mtu aliyeanguka hali keki."

Mtoto alizungusha kamba ya jina ya hospitali iliyokuwa kwenye mkono wake. Kisha akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu, akamvuta bibi yake karibu kwa shingo, akamnong'oneza sikioni.

"Bibi, usimwambie mama. Akijua hataniacha nije kwako. Tuseme tu niliiba mimi, sawa? Nimeshachapwa tayari."

"Nimeshamwambia," alisema Odile.

Janelle alimwachia shingo. Akamtazama usoni, akaelewa, kisha akageukia ukutani akaanza kulia.